Magari Makongwe ya Usambara na Swali la Nani Ayatengeneze

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na ndani ya mwendo huo mfupi barabara hupanda kutoka mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 1,400. Kupanda ni kazi ya injini. Ikishindwa, gari linasimama na watu wanashuka. Kushuka ndiko kunakoua. Gari la tani mbili na nusu likiteremka mita 1,000 linaachia nishati inayotosha kuchemsha lita 70 za maji ya baridi, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo huligawa: sehemu humezwa na injini, sehemu na upepo. Anayelitoa gari kwenye gia ili abane mafuta hulimwaga karibu lote kwenye breki.

Ndiyo maana swali la mwenye Land Rover au Land Cruiser kuukuu, kwamba ajitengenezee gari mwenyewe kwa kiasi gani, lina uzito wa pekee katika milima ya Usambara. Penye tambarare, kosa la mtu anayejifunza humwacha kando ya barabara. Hapa linaweza kuwapeleka bondeni watu ambao hawakujua kuwa kuna aliyekuwa anajifunza.

Majibu mawili husikika zaidi. La kwanza linasema magari haya yaliundwa yatengenezwe porini: hayana kompyuta, bolti zake zinafikika, na mwenye seti ya spana, jeki na akili iliyotulia anaweza kufanya karibu kila kitu. La pili linasema asiye fundi asiguse. Yote mawili yana ukweli, na yote mawili yanaliweka swali vibaya. Gari lenye miaka thelathini au arobaini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na fundi wa leo hajui wa jana alibadilisha nini, alifunga nini kwa waya, aliacha nini bila kukaza. Mtu pekee anayeweza kuyajua hayo yote ni mwenye gari. Kazi yake kubwa, hata kabla ya kushika spana, ni kulitazama gari lake mara kwa mara na kuyaandika yaliyofanyika. Nini afanye mwenyewe na nini apeleke gereji ni mambo yanayofuata baada ya hapo.

Uzee wa magari haya una historia. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya aluminiamu huku chesisi ikibaki ya chuma. Uamuzi huo wa dharura unaeleza kwa nini mpaka leo mtu anaweza kukuta Land Rover yenye bodi nzima iliyokaa juu ya chesisi iliyooza: aluminiamu haishiki kutu kama chuma, na uzima wake huficha maradhi ya chini. Tena pale metali hizo mbili zinapogusana kwenye unyevu, aluminiamu nayo huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania huiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvuta hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, ilianza kuuzwa mwaka 1984. Injini yake inayosifika zaidi, 1HZ ya dizeli, yenye silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, ilikuja mwaka 1990.

Kilichowafundisha Watanzania kutunza gari bila vipuri ni dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikala fedha za kigeni, na uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Mwenye Land Rover 109 iliyovunjika springi hakuwa na duka la kukimbilia. Alikuwa na fundi wake, tanuri na nyundo. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichotoka mwaka 2021, anazichukulia gereji za mitaani za Tanzania kuwa mahali pa maarifa ya kweli ya kiufundi, na ana haki. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, spea zikaanza kurudi madukani. Ila mazoea ya kushona, kuchomelea na kuazima kutoka gari jingine yalikuwa yameshaota mizizi.

Usambara ilikuwa na sababu zake za ziada. Misheni, hospitali kama ile ya Bumbuli, na miradi kama SECAP, ule wa hifadhi ya udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, haikuweza kufanya kazi bila magari yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Magari ya namna hiyo yakichoka huuzwa kwa mnada, kisha huanza maisha ya pili yakibeba kabichi, viazi na matenga ya matunda. Nayo sera ya kodi inayashikilia hapo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, lakini gari lililozeeka hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu wake. Mkulima wa Mlalo akipiga hesabu ya kuagiza na hesabu ya kufufua, mara nyingi hufufua.

Lami nayo ina mkono wake. Ilipofika lami, zilifika Noah na Coaster, na abiria wakazifuata. Pikipiki zimechukua safari za mtu mmoja mmoja. Gari kuukuu la kupanda milima limesukumwa mbele, kwenye njia ambazo wengine hawazitaki: kuelekea Mtae, Sunga, Mlola, na mabonde yenye udongo mwekundu unaogeuka sabuni wakati wa masika. Matokeo yake ni kwamba kazi ngumu kuliko zote imebaki kwa magari yenye umri mkubwa kuliko yote, tena mbali na gereji. Hapo hoja ya kwamba mwenye gari asiguse kitu hufa yenyewe. Lazima aguse. Ajue tu aguse nini.

Mfumo anaoweza kuutunza karibu wote peke yake ni ule wa kupooza injini. Kwenye mwinuko wa Lushoto maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta upo kwa ajili hiyo: hubana shinikizo na kusogeza kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110. Mpira wa mfuniko ukikauka, gari huanza kuchemsha kwenye kona za juu ya Soni, njiani kwenda Lushoto, na fundi mwenye haraka atasema silinda hedi imepinda. Pengine imepinda kweli. Lakini mfuniko ni kitu cha kwanza cha kubadilisha, na bei yake haifanani hata kidogo na ya kufungua injini. Baada ya mfuniko ni mipira ya maji, ambayo hupimwa kwa kuiminya asubuhi injini ikiwa ya baridi: ulio mlaini kupita kiasi au uliokauka na kupasuka kingo utapasuka kabisa siku ya mzigo. Kisha feni belti. Kisha mapezi ya rejeta, ambayo hujaa matope na mbegu za nyasi na yanapaswa kuoshwa kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini, ili uchafu utoke njia ulioingilia.

Tabia moja inastahili kupingwa waziwazi, nayo ni kung'oa thermostati na kuitupa. Wanaoing'oa husema nchi yetu ni ya joto. Lushoto ya Juni na Julai si ya joto, na injini ya dizeli isiyofikia joto lake huunguza mafuta vibaya, hutoa moshi na kula silinda zake. Zaidi ya hapo, katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kina kazi mbili: kinapofunguka kupeleka maji kwenye rejeta, papo hapo hufunga njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupozwa. Kikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi. Gari lililong'olewa thermostati ili lisichemshe linakuja kuchemsha mlimani, na mwenye gari anabaki anashangaa.

Kulanti nayo si anasa ya nchi za theluji. Inazuia kutu ndani ya injini na rejeta, jambo ambalo maji ya kijito, hata yawe safi namna gani, hayawezi. Kuongeza maji ya mtoni njiani ni halali kabisa. Kuyaacha humo mwaka mzima ndiko kunakoziba rejeta.

Breki zinataka mazungumzo marefu zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na Usambara ni nchi ya ukungu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inazama hadi sakafuni, gari haliitiki. Dakika kumi baadaye, yakishapoa, pedali inarudi kama kawaida, na aliyenusurika hana cha kumwonyesha fundi. Kwa gari la njia ya Mombo, kubadilisha mafuta yote ya breki kila baada ya miaka miwili ni kinga kubwa kwa gharama ndogo, na ni kazi ambayo watu wawili wanaweza kuifanya uani: mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua na kufunga tundu la kutolea hewa, wakianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Kutazama ni kwa kila wiki. Ndani ya kila gurudumu pasiwe na unyevu. Ukionekana, ama wili silinda inavuja, ama sili ya ekseli imechoka na oili ya difu inalowesha lainingi. Lainingi iliyolowa oili haikaushwi kwa moto wala kwa petroli. Inabadilishwa, na inabadilishwa pande zote mbili za ekseli, vinginevyo gari litavuta upande mmoja kwenye kona. Kufungua wili silinda na masta silinda ni kazi ambayo mtu makini anaweza kujifunza, ila asiifanye kwa mara ya kwanza peke yake, na gari lisishuke Mombo kabla mtu wa pili mwenye ujuzi hajakagua. Katika mambo yote ya gari, hili ndilo ambalo ndani yake hadhi na aibu hazina nafasi.

Kuna hatari nyingine inayowapata hata wazoefu. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi. Gari likisimama kwa magurudumu yote, inatosha. Likiinuliwa gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu hulipa gurudumu la hewani uhuru wa kuzunguka, na lile lililobaki chini haliko tena kwenye kizuizi chochote. Gari linaondoka huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Utingo anayetembea na gogo la kukinga tairi anajua asilolijua mwenye gari aliyejifunza uendeshaji mjini. Magogo mawili, mbele na nyuma ya tairi, yawekwe kabla ya jeki kuguswa, na asilale mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Grisi na oili ni rahisi zaidi. Krosi za propela shafti hupigwa grisi mpaka ile ya zamani itoke, na baada ya kuvuka maji mengi hupigwa tena bila kungoja zamu. Haabu hupimwa kwa kiganja baada ya safari: ya vuguvugu ni nzima, isiyovumilika kwa mkono ina beringi iliyokazwa kupita kiasi, au iliyokauka, au breki inayobana. Kwenye mkonga, oili ya difu ikipita sili ya ndani ya ekseli ya mbele huingia kwenye kifundo cha usukani na kuiyeyusha grisi yake, kisha mchanganyiko huo mweusi hudondokea kwenye rimu. Wengi huufuta na kuendelea na safari. Ule ni ujumbe kwamba beringi za kifundo zinaogelea katika kitu ambacho si grisi tena, na difu inapungukiwa oili.

Springi zina adui wa aina yake, nalo ni lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba huzidi uzito uliopangwa, na magunia kumi na tano ya namna hiyo yanalifanya gari la tani moja libebe tani na ushei bila mtu kukiri. Majani ya springi yakikatika hayachomelewi. Joto la kuchomelea huua ugumu wa chuma chake, na huvunjika tena pembeni mwa kiungo. Jani hubadilishwa, na yubolti hukazwa upya baada ya siku chache za kazi.

Upande wa mafuta, mwenye gari la dizeli asiyejua kumwaga maji kwenye filta na kutoa hewa kwenye mfumo kwa pampu ya mkono amejinyima uhuru wake, kwa sababu dizeli ikiisha au filta ikibadilishwa, injini haiwaki mpaka hewa itoke. Uchakachuaji uliwahi kuwa janga: mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo, yakachanganywa na dizeli, nayo hayana ulainisho ambao pampu na noziri zinautegemea. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tamaa ikose faida. Pampu yenyewe na noziri ziachiwe fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na kishawishi cha kuifungua pampu imwage mafuta zaidi ni kikubwa. Kinachoongezeka ni moshi na joto, kwa sababu kilichopungua ni hewa.

Sasa liko jambo ambalo mijadala mingi ya ufundi hulipita haraka, nalo lina madhara makubwa kuliko ujinga: matengenezo ya muda. Ubunifu wa barabarani katika Afrika Mashariki ni wa kuheshimiwa. Kipande cha sabuni huziba tangi linalovuja petroli. Utepe wa tyubu uliokazwa vizuri hushika mpira wa maji mpaka mjini. Yai bichi au bizari kwenye rejeta huziba tundu dogo. Paipu ya breki ya gurudumu linalovuja hukunjwa na kupigwa nyundo ili magurudumu matatu yaliyobaki yafanye kazi. Gari linafika, watu wanashukuru, na ni haki yao kushukuru.

Tatizo huanza kesho yake. Gari linatembea, pesa ina shughuli nyingine, na paipu iliyokunjwa inabaki hivyo hivyo. Miezi sita baadaye gari linauzwa. Mnunuzi hajui kwamba ana breki tatu. Anachojua ni kwamba usukani unavuta kidogo kushoto, naye amelizoea. Bizari iliyoziba tundu imeziba pia nusu ya mirija ya rejeta, na fundi mpya anatafuta chanzo cha joto kwenye silinda hedi. Aliyemwaga maji ya sabuni au oili ya injini kwenye chombo cha mafuta ya breki, kwa kuwa hakukuwa na kingine, ameacha mipira ya mfumo mzima ikivimba au vyuma vikipata kutu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya upumbavu. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa saa ile, ila hakuna aliyeandika kwamba lilikuwa la saa ile tu.

Ndiyo sababu ya daftari. Daftari la kawaida la shule, likae ndani ya gari, lenye tarehe, kilomita, kilichofanyika, nani alifanya, na alama ya wazi kwa kila kitu cha muda ambacho bado hakijaondolewa. Chukua mfano wa taimingi belti ya 1HZ. Hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu hugongana na pistoni. Magari mengi ya umri huo yana mita ya kilomita iliyokufa. Ukimuuliza muuzaji, atasema ilibadilishwa juzi. Kwenye gari lisilo na daftari, njia ya uaminifu ni moja tu: ibadilishwe leo, na hesabu ianze upya.

Mfano wa pili ni wa magari mseto, nayo ni mengi. Land Rover iliyowekewa injini ya Toyota au Isuzu si ajabu Tanzania, na ikifungwa vizuri inaweza kumfaa mwenye nayo kuliko ile ya asili. Kadi ya gari hubeba namba ya injini, kwa hiyo badiliko hilo linatakiwa kufikishwa TRA. Asiyefanya hivyo hukwama siku ya ukaguzi au ya kuuza. Lililojificha zaidi ni difu. Land Rover za Series zina uwiano wa 4.7, na zile za baadaye, zilizokuja kuitwa Defender, zina 3.54. Ekseli ya nyuma ikivunjika na kubadilishwa kwa iliyopatikana, gari la Series hutembea bila shida kwa magurudumu mawili. Siku ya matope, dereva anapounganisha magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinadai mwendo tofauti. Kwenye utelezi zinasameheana. Zikifika pakavu, kitu kinakatika.

Kulijua hilo hakuhitaji mashine. Gia ikiwa nje, breki ya mkono imeachiwa na magogo yamekaza magurudumu yaliyo chini, gurudumu moja la ekseli huinuliwa, kisha huzungushwa mara mbili kamili huku mtu akihesabu mizunguko ya propela shafti iliyopigwa alama ya chokaa. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni 3.54, ikikaribia mara tano, ni 4.7. Ekseli zote mbili zipimwe, na jibu liingie daftarini kwa wino. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna gereji itakayoifanya bila kuombwa.

Vipuri siku hizi havina umbali wa zamani. Picha ya kifaa hutumwa kwa simu mpaka Kariakoo au Gerezani, fedha huenda kwa M-Pesa, mzigo hupakiwa kwenye basi na kupokelewa Mombo au Lushoto. Urahisi huo umeleta mtihani wake, kwa sababu kifaa feki nacho husafiri kwa urahisi uleule. Tume ya Ushindani inapambana na bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama kwenye kila kaunta. Mahali pa kukataa bei rahisi bila mjadala ni pachache na panajulikana: mipira ya breki, bolti za usukani, tai rodi, beringi za magurudumu, taimingi belti. Penginepo, kifaa cha mtumba kilichotoka kwenye gari halisi mara nyingi hukipita kipya kisicho na jina. Na kifaa cha zamani kisitupwe mpaka kipya kimethibitika, kwani kipimo cha uhakika ni kuviweka viwili hivyo meza moja.

Mengi husemwa dhidi ya gereji bubu, zile za chini ya mwembe zisizo na kibao wala leseni. Baadhi zinastahili. Lakini ndani yake kuna watu waliofungua gia boksi nyingi za Land Rover kuliko mwalimu yeyote wa darasani, na walichokosa ni vifaa vya kupimia na karatasi. Spana ya kupima ukazaji ni nadra kuliko inavyopaswa kuwa, na silinda hedi iliyokazwa kwa kukisia huvuja. Mwenye gari anayenunua kifaa hicho kimoja na kwenda nacho kwa fundi wake, pamoja na namba za ukazaji za injini yake, anainua ubora wa kazi kuliko kwa kubishana juu ya bei. Vitabu vya ufundi vya magari haya karibu vyote ni vya Kiingereza. VETA hufundisha vijana kwa Kiswahili kila mwaka, na kitabu kinene cha Kiswahili juu ya mkonga na Land Rover peke yake, chenye michoro na vipimo, kingepata wasomaji kutoka Lushoto hadi Loliondo na hadi Kivu.

Oili chafu nayo inataka neno. Wengi huipaka chini ya chesisi dhidi ya kutu, na ikipakwa kwa brashi kwenye chuma kikavu kilichosafishwa inasaidia kweli. Inayobaki isimwagwe. Vijito vya Usambara vinanywesha vijiji vya chini, na Mto Sigi, unaotoka upande wa Amani, ndio unaolipatia maji jiji la Tanga. Oili irudishwe kwenye dumu na kupelekwa kwa mwenye kazi nayo.

Swali la mwisho ni lini mtu aache. Injini hufunguliwa ikafufuka, gia boksi hubadilishwa, bodi hupigwa riveti. Chesisi ndiyo yenye kauli. Nyundo ndogo ikigongwa kando ya chuma, sauti inayolia ni ya uzima na ile iliyofifia ni ya kutu iliyokula kwa ndani. Boriti ya nyuma ya Land Rover hukatwa na kuchomelewa nyingine, na hilo ni jambo la kawaida. Kutu ikishafika pale inapofungwa boksi ya usukani, au kwenye mikono inayoshikilia springi za mbele, kiraka juu ya kiraka hakifai tena kwa njia yenye bonde upande mmoja, hata kama gari bado linawaka kwa mara ya kwanza kila asubuhi. Hapo difu, gia boksi, ekseli na injini zake zina thamani kubwa kwa magari mengine ya mlimani, kubwa kuliko kifaa kilichotoka mjini bila historia, mradi mnunuzi apewe na kurasa za daftari zinazosema kila kimoja kilifunguliwa lini na ndani kiliwekwa nini.